Siku Walipomvua Reflekta

Wakala alituajiri kwa kututazama miguu. Tulikuwa kina mama wengi nje ya duka moja mjini Kakuma, tumesikia kuna kazi ya barabara, naye akapita mbele yetu ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Aliyevaa ndala aliachwa. Aliyevaa kiatu kinachofunika vidole aliguswa bega. Mimi nilikuwa na raba za mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa Namoruputh akichunga mbuzi wa kaka yake, maana wetu walikuwa wamekwisha kwa ukame. Nikaguswa bega.

"Wewe, kesho saa kumi na mbili asubuhi, hapa hapa."

Hakuniuliza jina. Wala sikuona ajabu. Nilikuwa na watoto wawili Lodwar ambao nilikuwa nimemwachia mama yangu, na kilichokuwa kichwani mwangu siku hiyo ni unga tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kushika kibao. Barabara ya kutoka Lodwar kuja Kakuma ilikuwa inatengenezwa upya, na kila walipofunga upande mmoja ili kumwaga kokoto, magari yalilazimika kupita kwa zamu. Mwanamke mmoja alisimama mwisho huu, mwingine mwisho ule, kila mmoja na kibao chake: uso mmoja mwekundu, uso mwingine wa kijani. Mimi nikigeuza kijani, mwenzangu anageuza chekundu. Tulipewa kofia ngumu, na reflekta, fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa, ambayo jioni tuliirudisha kwa wakala, naye akaihesabu kama mali iliyo karibu kuibwa.

Kivuli hakikuwepo. Miti ya mathenge iliyokuwa imeota kando ya barabara ilikuwa imeng'olewa na tingatinga ili kupanua njia. Maji tulibeba kutoka nyumbani kwenye vichupa vya soda, na kufikia saa tano yalikuwa ya moto kiasi cha kukorogea chai. Choo kilikuwa laga, yaani mto uliokauka, tena mbali, na ukiondoka lazima umwombe dereva fulani akushikie kibao. Kutoka pale nilipokuwa nikisimama niliiona yadi ya wajenzi: uzio wa mabati, jenereta ikinguruma mchana kutwa, na vyumba vya wakubwa vilivyokuwa vikidondosha maji ya baridi ukutani kutoka kwenye mashine za kupoza hewa. Mbuzi wa jirani walikuwa wakienda kulamba matone hayo chini ya uzio. Nami, nasema kweli, niliwaonea wivu mbuzi wale.

Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa Mkongomani, mkimbizi wa Kalobeyei. Kwao Kivu alikuwa akifundisha watoto wa darasa la kwanza, na bado alisimama kama mwalimu, mgongo umenyooka, kibao kimeinuliwa juu kana kwamba kuna darasa zima mbele yake. Alfajiri alikuja kwa pikipiki wakiwa watatu nyuma ya dereva. Aliniita mama wa Lodwar, nami nikamwita mwalimu. Mchana, magari yalipopungua, tulikaa chini ya lori lililoharibika tukala pamoja. Yeye alileta sombe ya majani ya muhogo, mimi nilileta githeri ya mahindi na maharagwe, tukachanganya kwenye kifuniko kimoja.

"Ejok, mama wa Lodwar," alikuwa akinisalimia kila asubuhi.

"Ejok noi, mwalimu."

Alipenda kulisema neno hilo. Aliniambia ndilo neno la kwanza la hapa ambalo aliambiwa na mtu asiyekuwa na fomu mkononi.

Siku ya ajali upepo ulikuwa umeanza mapema. Anayeijua Turkana anaujua upepo huo: unainua vumbi mpaka jua linageuka kuwa doa la manjano. Lori la maji la wajenzi wenyewe, lile la kumwagilia kifusi, lilikuwa likirudi nyuma upande wa mwalimu. Nyuma ya lori palitakiwa kuwa na mtu wa kumwongoza dereva, na tangu tuanze kazi sikuwahi kumwona mtu huyo. Nilisikia sauti moja tu, kisha dereva wa basi lililokuwa mbele yangu akaanza kupiga honi mfululizo huku akinyoosha kidole.

Nilitupa kibao nikakimbia.

Mwalimu alikuwa amelala ubavu, mguu wa kulia umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Alikuwa macho. Alinishika mkono akawa anasema kwa Kifaransa maneno ambayo sikuyaelewa, huenda alikuwa akisali. Dereva wa lori la maji, kijana wa kutoka nje ya Turkana, alikaa chini barabarani akajishika kichwa. Ndipo pikapu ya msimamizi ikafika.

Msimamizi aliteremka, akamtazama mwalimu, akatazama basi na abiria waliokuwa wakichungulia dirishani. Kabla hajauliza kama anapumua, alisema:

"Mvueni hiyo reflekta."

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya upepo. Hakuna aliyesogea. Akainama mwenyewe akaanza kufungua vifungo. Mwalimu aliishika ile fulana kwa mkono mmoja, na nikamsikia akisema kwa sauti ndogo sana, "Sikuiba, patron. Balinipa asubuhi. Sikuiba."

Katika maumivu yale alifikiri anatuhumiwa wizi.

Msimamizi aliivuta mpaka ikatoka. Akachukua na kofia. Akavitupa vyote ndani ya pikapu, akamwambia dereva wake ampeleke hospitali ya Kakuma, kisha akanigeukia mimi. "Rudi kwa kibao chako. Magari yamesongamana."

Nilirudi. Miguu ilinipeleka, lakini kichwa kilibaki pale chini. Niligeuza kijani, nikageuza chekundu, nikageuza tena kijani, na kila gari lilipopita niliona abiria wakinitazama kifuani, kwenye reflekta yangu. Nilianza kuelewa kwamba kitambaa hiki ndicho kitu pekee duniani kinachosema mimi nafanya kazi hapa, na kwamba mtu mmoja anaweza kukivua.

Jioni nilimkuta wodini, mguu umefungwa mbao, bado anasubiri kupelekwa kwa daktari wa mifupa. Muuguzi aliniuliza kama mimi ni ndugu yake.

"Tunafanya kazi pamoja," nikasema.

"Kazi gani? Waliomleta walisema ni mpita njia, amegongwa akivuka barabara. Wamemwacha hapo mlangoni, wakaondoka."

Mwalimu alinitazama kutoka kitandani. Hakulia. Alisema, "Unaona? Sasa mimi ni mtu wa kupita tu."

Asubuhi nilimfuata msimamizi yadini. Sikuwa nimewahi kupita lile geti. Nilimwambia kwa heshima kwamba yule mama ni mwenzetu, na kwamba hospitali inataka mwajiri. Alikuwa akinywa chai, akaiweka chini polepole.

"Yule si mfanyakazi wetu. Ni refugee, hana kibali cha kazi. Mtu asiye na kibali anawezaje kuwa mfanyakazi?"

"Lakini mlimpa kibao."

"Nani alimpa? Kuna karatasi?" Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na wewe je? Una barua?"

Sikuwa nayo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo. Niliwaza yale mabega yaliyoguswa nje ya duka, nikaona kwamba haikuwa haraka ya wakala wala uzembe. Walikuwa wamepanga tusijulikane.

Siku hiyo hiyo nilimwachia mwenzetu mmoja kibao, nikapanda gari la Lodwar.

Ofisi ya kazi ilikuwa chumba kimoja, na ofisa aliyekuwepo alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, ana macho ya mtu ambaye hajapumzika. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa kwa Kiingereza. Badala yake alinivutia kiti, akasikiliza hadi mwisho, na nilipofika pale pa reflekta alifumba macho.

"Mama, sheria tunayo," alisema. "Gari hatuna. Kaunti hii yote, mpaka Nadapal kule mpakani, niko mimi na mwenzangu mmoja ambaye ni mgonjwa. Hizo yadi zote zinajua hivyo."

"Na hilo neno la kibali? Kwamba mkimbizi akiumia hakuwa kazini?"

"Kama hana kibali, basi wa kwanza kuulizwa ni yule aliyempa kibao. Mguu umevunjika kazini, umevunjika kazini." Akachukua kalamu. "Lakini nahitaji watu wa kusema. Si wewe peke yako. Wewe peke yako watakufuta."

Nililala kwa mama. Yeye husuka vikapu vya makuti ya mkoma, na alipokuwa akinisikiliza vidole vyake havikusimama. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja.

"Huyo mwanamke ni wa ukoo gani?"

"Hana ukoo hapa, mama. Ni Mkongomani."

"Basi ataombewa na nani?" Akavuta utepe akaukaza. "Mimi nilitaka urudi kazini, ukae kimya, watoto wale. Hayo ndiyo nilikuwa nimeweka mdomoni. Lakini mtu akiangushwa na kuvuliwa nguo mbele yako, na wewe ukarudi kusimama hapo hapo, hao watoto watakula nini kutoka mkono wako?"

Aliniamsha mapema, akanipa nauli aliyopata kwa vikapu.

Washika vibao wa kipande chetu tulikutana chini ya lile lori bovu. Wengine walikuwa Waturkana kama mimi, wengine wakimbizi, mmoja wao Msomali aliyekuwa akisikia Kiswahili kidogo. Niliwaambia alichosema ofisa, kisha nikapendekeza tufunge barabara mpaka mwalimu aandikwe kuwa mfanyakazi. Palitokea ubishi mkali. Mmoja alisema tukifunga barabara wananchi watatuchukia, mabasi yana wagonjwa, yana watoto wa shule. Alisema kweli. Ndipo yule mama Msomali, ambaye siku zote hakuwa msemaji, akachukua kibao changu, akakigeuza pande zote mbili.

"Basi ya watu, hii," akasema akionyesha kijani. Kisha chekundu. "Lori ya yadi, hii."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, kwa sababu tuliona ndiyo yenyewe.

Tulianza asubuhi iliyofuata. Mabasi, pikipiki, ambulensi, malori ya mahindi ya kwenda kambini, yote yalipita kwa zamu kama kawaida, tena kwa utaratibu kuliko siku zote. Lakini lori la kokoto lilipofika mbele yangu, niligeuza chekundu, na chekundu kikakaa. Dereva akapiga honi. Nikamwendea dirishani nikamweleza. Alikuwa amesikia habari za ajali. Madereva wote walikuwa wamesikia. Alizima injini.

"Mimi nimeona kibao chekundu," akasema. "Dereva hawezi kupita kibao chekundu. Huo ndio msimamo wangu wakiniuliza."

Nyuma yake likaja la pili, na la tatu, mpaka foleni ikapinda na kupotea kwenye vumbi. Kifusi kilikauka bila kumwagiliwa. Tingatinga zikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nifike hapo nilisikia ndege.

Msimamizi alikuja akapiga kelele, akatutishia polisi. Polisi wawili walikuja kweli, wakaona magari ya umma yanapita bila shida, wakauliza kosa liko wapi. Waliketi ndani ya gari lao wakitutazama.

Kilichonitia hofu hakikuwa polisi. Kilikuja mchana, nyuma ya pikapu ya wakala: wanawake wapya, Waturkana watupu, ametoka kuwakusanya kwenye maboma ya karibu. Niliwatambua kwa kuwaona tu, si kwamba nilijua majina yao. Nyuso zile zilikuwa zangu za mwezi niliopewa kazi. Watu waliopoteza mifugo, na mtu amewaambia kuna chakula leo. Wakala aliwapanga mstari akaanza kuwavisha reflekta.

Ningewaambia nini? Kwamba wakatae chakula cha watoto wao kwa ajili ya mgeni aliye wodini? Nilisogea nikawasalimia, ejok, wakaitikia. Niliwasimulia kwa Kiturkana kilichotokea, bila kuongeza chumvi. Niliwaonyesha mahali penyewe. Wakala alinikatiza mara kwa mara, nami nikaendelea.

Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye shanga zilizomjaa shingoni hadi kidevuni, alikuwa tayari ameshavaa. Aliishika ile fulana kwenye kifungo.

"Mimi nikianguka, hii watanivua?"

"Watakuvua."

"Na watasema nilikuwa natoka wapi?"

"Watasema ulikuwa unapita."

Alifikiri. "Napita, na hapa ndipo alipozikwa baba yangu?" Akaivua mwenyewe, akaikunja vizuri, akamkabidhi wakala, kisha akakaa chini kando yangu na miguu ameinyoosha mbele. Wengine walimtazama yeye, hawakunitazama mimi. Mmoja mmoja wakakaa.

Tulikaa hivyo siku kadhaa. Madereva walituletea maji. Kondakta mmoja wa basi alituachia katoni ya mikate. Sisemi ilikuwa rahisi: wawili kati yetu waliacha, mmoja kwa sababu mtoto wake aliugua, mwingine kwa sababu mumewe alimjia na fimbo. Hatukuwalaumu.

Ofisa wa kazi alifika akiwa amebanwa kiti cha mbele cha gari la abiria, na begi lake magotini. Nauli alilipa mwenyewe. Nilipomwona anateremka na viatu vyake vya ofisini kwenye vumbi lile, nilihisi nguvu ambayo sikuwa nayo asubuhi. Alitembea moja kwa moja hadi yadini, na sisi nyuma yake.

Mkubwa wa wajenzi, ambaye hatukuwahi kumwona, safari hii alitoka nje. Msimamizi alirudia maneno yake: mpita njia, hana kibali, hakuna karatasi. Ofisa akageuka akauliza, "Nani alimwona huyu mama akiwa kazini?"

Nilinyanyua mkono. Wenzangu wakanyanyua. Madereva wa kokoto wakateremka kwenye malori yao wakanyanyua. Kisha, kutoka nyuma kabisa, kijana wa lori la maji, aliyemgonga mwalimu, akapita katikati ya watu.

"Nilimwona kila siku," akasema. "Na siku ile nilikuwa narudi nyuma bila mtu wa kuniongoza. Niliomba mtu, nikaambiwa niache kujidekeza." Akamtazama msimamizi. "Na reflekta alikuwa amevaa. Ulimvua wewe."

Mkubwa alimwita msimamizi ndani ya ofisi yenye ubaridi, mlango ukafungwa. Walipotoka, ni mkubwa aliyezungumza, na alizungumza na ofisa, si na sisi. Ofisa akamwambia, "Waambie wao."

Basi akatuambia. Mwalimu atahamishiwa Lodwar kwa upasuaji, kwa gharama ya kampuni, na ataandikwa kama aliyeumia kazini. Kila mshika kibao atapewa barua ya ajira. Patawekwa tangi la maji, kivuli na choo kila kipande cha kazi, na hakuna lori litakalorudi nyuma bila mtu wa kuliongoza. Wale wanawake wapya nao wataandikwa, tuwe na zamu za kupumzika.

"Na wakimbizi?" nikauliza.

Hapo alisita. Alisema wataombewa vibali kwanza, na wakati huo wakae nyumbani. Tulibishana juu ya hilo hadi jua lilipopungua ukali, na hatukushinda lote. Baadhi walirudi kazini baada ya wiki nyingi, baadhi vibali havikuja kamwe. Mama Msomali, ambaye wazo lake ndilo lililotuokoa, hakurudi. Alifungua meza ya kuuza sukari na majani ya chai, na kila nikipita hunipa soda na kukataa nisilipe. Kutorudi kwake kazini bado kunanikera, na sitaki kuache kunikera.

Mwalimu alipona, ila mguu ule ni mfupi kidogo kuliko mwenzake. Fidia ilichukua muda mrefu na ilikuja pungufu ya tulivyotarajia. Sasa anafundisha watoto wa Kalobeyei kusoma, akiwa amekaa kitini, na nimesikia wanamwogopa kama inavyotakiwa.

Mimi nilichaguliwa na wenzangu kuwasemea. Kazi hiyo haina mshahara. Kaunti ilipoita wananchi Lodwar kutoa maoni kuhusu masharti ya kampuni zinazokuja kufanya kazi Turkana, tulikwenda kumi na kitu, tukakaa mstari wa mbele. Karatasi zilikuwa za Kiingereza. Niliomba zisomwe kwa Kiswahili, kisha yule mama wa shanga akaomba zisomwe kwa Kiturkana, na kikao kikachelewa, na bwana mmoja mwenye suti akalalamika kwamba tunapoteza wakati. Tulisubiri. Zilisomwa.

Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba hatuombi huruma ya msimamizi mwema, kwa sababu msimamizi mwema akihamishwa anaondoka na wema wake. Tunataka ofisa wa kazi apewe gari na mafuta. Tunataka mtu aandikwe kabla hajapewa kibao, awe wa hapa au awe wa kambini. Tunataka kampuni isiyofanya hivyo isipewe barabara nyingine. Nilisema pia kwamba barabara ni nzuri, naipenda, mama yangu sasa hupeleka vikapu Kakuma na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini wale walioitengeneza kwa miguu yao wana haki ya kuwa salama juu yake.

Baadhi ya hayo yaliandikwa. Mengine yaliachwa, na tumesharudi mara mbili kuyauliza. Mwezi uliopita tulisikia kwamba karibu na Nadapal kuna kampuni nyingine, na wakala mwingine anayeajiri kando ya barabara. Nilimpigia simu ofisa wa kazi. Bado hana gari. Tulikubaliana siku, tukachanga nauli, tukapanda wote basi la asubuhi la Lokichoggio, njia ya kwenda Nadapal, yeye na begi lake, mimi na barua yangu ya ajira ili wanawake wa kule waione barua inavyokuwa.